Ua la Katikati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Graziela alimwagilia okidi za bibi yake. Alianza na katleya, okidi zenye maua makubwa, zilizofungwa kwenye vipande vya magome chini ya wavu wa kivuli, akamalizia na okidi za kiatu, zilizokaa kwenye vyungu kule pembeni kusikofika jua kali. Maji yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye pipa, na yalipaswa yawe yamekauka kwenye majani kabla ya jioni. Kwa jambo hilo Bibi Ermelinda hakuwa na mchezo.

Graziela alikuwa na miaka kumi na mmoja. Okidi za kiatu hakuzipenda. Ua la okidi hizo lina mfuko mbele kama ncha ya ndara, na hilo la Bibi lilikuwa na madoa na vinyweleo pia.

"Linafanana na chura," alisema.

"Chura huyo hudumu miezi miwili," Bibi alimjibu. "Hizo katleya zako wiki tatu tu, kwaheri."

Wiki ya maonyesho ya okidi ya mji wa Santa Teresa ilipofika, katleya moja ilikuwa imefungua maua matatu ya zambarau, kila moja kubwa kama sahani. Bibi alikuwa ameilea miaka saba tangu ikiwa mche wa urefu wa kidole. "Hata ukitaka kupiga chafya, geukia kule," alimwambia mjukuu wake.

Jumatano mchana Bibi alikwenda kusaidia kupanga meza kwenye ukumbi wa kanisa. Graziela alibaki peke yake. Mara nyingi alikuwa amemwona Bibi akichavusha maua, na kila alipoomba kujaribu aliambiwa asubiri afike darasa la sita. Siku ile hakusubiri. Alichukua kijiti cha meno, akainua kifuniko kidogo kinachofunika chavua kwenye ua la katleya nyeupe iliyoota juu ya mpera, akatoa vidonge vya chavua, vya manjano, vidogo kuliko punje za mtama. Kisha akavibandika ndani ya ua la katikati la ile katleya ya maonyesho. Vilinata mara moja. Ua lilionekana vilevile, naye akaenda kufanya kazi zake za shule.

Kitu asichokijua ni kwamba ua la katleya likishapokea chavua halidumu. Hunyauka baada ya siku mbili hivi, ili nguvu ya mmea iende kwenye mbegu.

Ijumaa asubuhi jirani yao, Mzee Dorvalino, alikuja na gari lake, kama alivyofanya kila mwaka kwa miaka ishirini. Bibi aliiweka katleya kwenye kiti cha nyuma, akaweka na okidi moja ya kiatu, ili tu meza isionekane tupu. Hakuona mkungu wa ndizi mbivu uliofunikwa kwa gunia chini ya kiti.

Wote watatu walipofika ukumbini na kushusha mimea, ua la katikati lilikuwa limelegea na kujikunja kama leso iliyolowa.

Bibi alitazama ua, akaenda kutazama ndani ya gari, akainua gunia, akarudi ukumbini na mkungu wa ndizi.

"Dorvalino. Umepakia ndizi mbivu pamoja na okidi zangu?"

"Ni za dada yangu, Mama Ermelinda. Zina nini?"

"Pumzi ya ndizi mbivu inaua maua. Miaka ishirini unanibeba, hilo hulijui?"

"Ndizi zangu ndizo zimechagua hilo moja, zikayaruka hayo mawili?"

"Limeanza hilo. Mengine yatafuata. Mwakani nitatafuta gari lingine."

Mzee Dorvalino alichukua mkungu wake, akaanza kurudi garini polepole, maana goti lake moja ni bovu.

Graziela alimtazama akienda. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Bibi alikuwa na jibu lake tayari. Lakini mzee yule ndiye aliyemchongea baiskeli ya mbao alipokuwa mdogo, na sasa alikuwa anaondoka bila hata kugeuka.

"Bibi, si ndizi," alisema. "Ni mimi. Nililitia chavua juzi."

Bibi alitoa kioo cha kukuzia mfukoni mwa aproni, akainama juu ya ua.

"Chavua ya nani?"

"Ya ile nyeupe ya kwenye mpera."

"Una hakika? Si ya nyingine?"

"Nina hakika, Bibi."

Bibi hakumgombeza hapo. Alitoka kwa haraka, akamwahi Mzee Dorvalino mlangoni mwa gari.

"Jirani, nimekukosea. Nimekusema mbele za watu na kosa si lako."

"Basi mwakani nije au nisije?"

"Uje. Bila ndizi."

"Hilo siahidi," alisema Mzee Dorvalino, akamkatia Graziela, aliyekuwa amewafuata, ndizi mbili.

Mmea wenye ua lililonyauka hauingii mashindanoni, kwa hiyo katleya ilirudi garini, na okidi ya kiatu ikasimama mezani peke yake. Ilipata nafasi ya nne. Graziela ndiye aliyeilinda siku zote tatu, akiwajibu wageni kwamba, ndiyo, inafanana na chura.

Jumapili jioni, nyumbani, Bibi alimwita chini ya wavu. Nyuma ya ua lililokauka, kikonyo kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Miaka saba nimeingojea, na umeniharibia," alisema Bibi. "Hilo limeniuma, sikufichi. Lakini ungenyamaza, Dorvalino angebeba kosa lisilo lake, nami ningempoteza rafiki. Hata mbegu hizi zingeota bila mtu kujua baba yao. Ua litachanua tena mwakani. Mtu uliyemsingizia hachanui tena kirahisi hivyo. Ukikosea, sema mapema."

Akampa kibao kidogo cha plastiki cha kufunga kwenye mmea. Graziela aliandika jina la mama, jina la baba, na tarehe ya Jumatano. Kisha akauliza:

"Na aliyechavusha?"

"Andika jina lako," alisema Bibi. "Kwa penseli. Wino hufutwa na mvua."