Gitaa Kubwa la Chiriku

Baba Chiriku alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Kwa miaka kumi na tisa alipiga nyundo juu ya bati, asubuhi hadi jioni. Masikio hakuyaziba hata siku moja. Mafundi wenzake walisema kelele ni chakula cha gereji, ukizoea unashiba. Basi naye alishiba.

Nyumbani, mkewe alimwambia kila jambo mara tatu.

"Wewe mwanamume, masikio umeyaacha gereji?" alimtania.

Fundi alicheka tu. Hakumwambia alichosikia hospitali wiki ile. Daktari alisema masikio yake yameharibiwa na kelele. Sauti nyembamba zimeanza kupotea. Nyingine zinaweza kufuata, na zikienda hazirudi.

Binti yao alikuwa na miaka tisa. Walimwita Chiriku kwa sababu alisema na kuimba kutwa. Fundi alitaka amsikie akipiga muziki kabla hajachelewa. Ndiyo maana siku moja alirudi na gitaa. Lilikuwa la mtu mzima, lenye nyuzi za chuma.

"Mbona kubwa hivi?" mkewe aliuliza.

"Atakulia humo humo. Viatu vya shule si tunamnunulia hivyo hivyo?"

Kila siku baada ya shule, Chiriku alikaa na gitaa saa nzima. Fundi hakujua muziki, ila kusimamia alijua.

"Rudia!"

"Baba, vidole vinauma."

"Mchumia juani hulia kivulini. Rudia!"

Wiki ya tatu, ncha za vidole zilikuwa zimevimba. Saa ya gitaa ikifika, tumbo la Chiriku liliuma. Kisha nyumba ikawa kimya. Mwanzoni fundi alidhani ni masikio yake.

"Mtoto anaimba?" alimwuliza mkewe.

"Haimbi. Siku nne sasa. Umemkomesha."

Kesho yake mkewe aliwachukua wote wawili hadi nyumba ya tatu kutoka kwao. Hapo aliishi mwalimu wa muziki, mama mmoja aliyefundisha watoto na watu wazima sebuleni kwake.

"Gitaa hili la nani?" mwalimu aliuliza.

"La mtoto," fundi alijibu.

"Mtoto yupi? Huyu mkono haulizunguki. Kiatu kikubwa utajaza pamba, baba. Gitaa utajaza nini?"

Chiriku alicheka kidogo. Mwalimu aliviangalia vidole vyake, akatikisa kichwa.

"Mtoto huanza na gitaa dogo, lenye nyuzi za nailoni. Na usikimbilie kununua. Mlete kwanza kwenye somo la kujaribu. Ashike gitaa, ashike kinanda, ashike ngoma. Achague mwenyewe. Mimi ninavyo vya kuazima."

"Na mazoezi?"

"Dakika kumi kwa siku. Aache akiwa bado ana hamu. Wewe kaa naye umsikilize, usiwe nyapara."

"Dakika kumi!" fundi alisema. "Atajua lini?"

"Unakimbizwa na nini, fundi?"

Fundi alitazama sakafu. Ndipo akasema yote, masikio, daktari na hofu. Mkewe alikaa kitini polepole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

Chiriku alisogea, akamshika baba yake mkono.

"Mambo ya masikio ni ya daktari, rudi kwake," mwalimu alisema. "Lakini kesho weka vizibo kabla hujashika nyundo. Kilichobaki kilinde. Na kama muziki unautaka, jifunze nawe. Gitaa hili ni saizi yako. Nina mwanafunzi mwenye wajukuu."

"Kwa vidole hivi?"

"Si ndivyo vinavyonyoosha bati?"

Basi wakaanza, baba na mwana, kila Jumamosi. Chiriku alijaribu kinanda, akakiacha, akachagua gitaa dogo. Fundi alivaa vizibo kazini. Wenzake walimcheka wiki mbili, kisha wawili wakamwuliza alivipata wapi. Tumbo la Chiriku liliacha kuuma, na siku moja mkewe alimwambia fundi kwamba mtoto anaimba tena.

Lakini masikio yaliyoharibika hayakupona. Mwezi wa tano wa masomo Chiriku alipiga wimbo wake wa kwanza sebuleni kwa mwalimu. Fundi, aliyekaa na mkewe, alitabasamu. Chiriku akaacha kupiga katikati ya wimbo.

"Baba, husikii."

"Nasikia, mwanangu."

"Unaangalia uso wa mama ndipo unacheka."

Ilikuwa kweli. Nyuzi nyembamba zilimfikia nusu nusu.

Chiriku akamgeukia mwalimu. "Nifundishe kuupiga kwenye nyuzi nene."

"Vidole vyote vitabadilika. Ni kuanza upya."

"Nianze."

Ilichukua wiki sita, dakika kumi kwa siku. Hakuna aliyemhimiza. Jumamosi ya mwisho ya wiki hizo alikaa mbele ya baba yake, magoti yakigusana, akapiga polepole kwenye nyuzi nene.

Fundi aliusikia wimbo wote. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mkewe, aliyekaa karibu naye, alimwinamia akamwambia jambo.

Hilo hakulisikia.