Sufuria Isiyouzwa

Uji ulikuwa jikoni, lakini Mama Kasuku hakukaa. Alitoka kufuata kuni, akarudi mikono mitupu, amesahau alichofuata. Bintiye, aliyeitwa Kasuku kwa domo lake, alikuwa kizingitini, kimya, ameshika tumbo.

"Leo tena huna umbea?"

"Tumbo, mama."

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Dawa ya minyoo haikufua dafu.

Baba yake alikuwa fundi wa kusubu sufuria: aliyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina kwenye kalibu. Karakanani kwao, sufuria ya kwanza ya fundi haikuuzwa, ilitumika kupikia nyumbani. Mama aliisugua kwa mchanga mpaka ing'ae, kisha akapikia uji wa ndimu.

Jirani yao, mkemia wa maabara ya vyakula, alipita kumjulia hali mtoto. Akaitazama sufuria.

"Shemeji, hii uliisubu kwa vyuma gani?" alimuuliza fundi.

"Kila kitu! Rejeta, injini, betri kuukuu. Motoni vyote ni ndugu."

"Betri ina madini ya risasi. Hayo ni sumu."

"Wasomi bwana! Mnaogopa hata sufuria."

"Lakini naisugua kila siku," mama alisema.

"Kusugua hakuyaondoi, dada. Moto huua vijidudu, hauui risasi. Na ndimu huyatoa kwenye sufuria yaingie kwenye uji."

"Mbona mimi mzima?" fundi aliuliza.

"Huenda nawe umeathirika, hujui tu. Mwili wa mtoto huyanyonya zaidi, na yanaharibu ubongo. Apimwe damu."

Mkemia alichukua uji akaupime. Mama alimbeba Kasuku hadi kliniki. Kungoja majibu kulimtoa roho: akiketi, anainuka.

Uji ulikuwa na risasi. Damu pia.

"Acheni sufuria hiyo leo," daktari alisema. "Mpeni maharage, mboga za majani, maziwa. Mrudisheni tumpime tena."

Fundi alitaka kuiyeyusha upya.

"Utavuta moshi wake," mkemia alimwambia, "na sufuria mpya itabaki na sumu ileile."

Fundi alichukua nyundo na msumari, akaitoboa kitako, asije mtu akaitumia kupikia. Aliwaendea wateja wake mlango kwa mlango, akawaeleza waache sufuria zake. Tangu hapo alisubu vishikio vya milango tu, bila kutia betri. Mama alinunua sufuria ya chuma cha pua.

Vipimo vya risasi damuni vilishuka polepole. Mama bado alishtuka kila nyumba ilipotulia.

Asubuhi moja sauti ilitoka uani:

"Baba! Sufuria yako ya kwanza inavuja! Fundi gani wewe?"

Mama aliketi.

"Iache ivuje," fundi alijibu.