Emmaculate Aliyeitwa Apondi

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mtakaokuwa wazazi kesho, nyumba nitakayoisimulia si ya jirani. Ni yangu mwenyewe, hapa Kisegi. Waliotenda makosa ndani yake walikuwa watu waendao kanisani kila Sabato, wasioonja pombe, na mashamba yao yalikuwa safi. Nasema hivyo mapema ili asiwepo atakayejitoa akidhani maneno haya yanawahusu walevi.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa msimu wa palizi. Alipotimiza wiki moja, asubuhi ilikuwa tulivu kabisa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa, mahindi yamefika magotini, na mwanangu Japheth, baba wa mtoto, ameketi mlangoni akitabasamu peke yake. Saa sita haijafika, mtoto akaanza kulia. Aliponyonyeshwa alikataa. Alipobebwa alijipinda. Kufikia alasiri sauti yake ilikuwa imekauka, na jamaa wote wa boma walikuwa wamejaa sebuleni.

Sisi Wajaluo tunajua kilio cha namna hiyo husomwa vipi. Husemwa kuwa marehemu mmoja wa ukoo anadai jina. Mkubwa wa nyumba husimama akawataja wafu mmoja mmoja, na jina linalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Nilisimama na fimbo yangu. Nikamtaja mama yangu, mtoto akazidi. Nikamtaja shangazi yangu, akazidi zaidi. Mke wangu, Kezia, alikuwa amempakata, akimgeuzageuza ndani ya kanga. Nikalitaja jina la dada yangu, Apondi. Mtoto akanyamaza papo hapo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa chini bila furaha.

Dada yangu Apondi alikuwa mwepesi wa kuanza na mzito wa kumaliza. Aliacha shule darasa la sita. Aliolewa mara mbili, akarudi mara mbili. Pembe za nyumba yetu zilijaa vikapu vyake vilivyosukwa nusu. Alifia upande wa Migori, kule Muhuru Bay, alikokuwa akiwaanikia watu wengine omena, dagaa wa ziwani. Tulipokwenda kuchukua mwili, tulikuta kando ya kitanda chake kikapu kingine kisicho na ukingo.

Mtoto alipewa kanisani jina la Emmaculate, na vyeti vyake vikaandikwa Emmaculate Apondi. Nyumbani tuliliacha jina la kwanza, tukashika la pili pamoja na historia yake yote.

Akimwaga maji, tulisema Apondi amerudi. Akisahau kufunga zizi, tulisema damu haipotei. Tulicheka. Naomba mlitie moyoni neno hilo: tulicheka, wala hapakuwa na mtu aliyedhani anamtesa mtoto. Alipokuwa na miaka tisa, tulipata wageni, naye akatumwa kuleta sufuria ya uji kutoka jikoni. Aliibeba vizuri kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, ulimi ukiwa umebanwa kwa meno. Akafika mlangoni.

"Mpokeeni upesi!" Japheth akapaza sauti. "Apondi huyo, mtakula udongo leo!"

Wageni wakacheka. Mikono ya mtoto ikalegea, sufuria ikaanguka, uji wa moto ukamrukia mguuni. Mimi niliutazama uji kabla ya kuutazama mguu.

"Mnaona?" nikasema.

Tangu siku ile hatukuhitaji kumtania tena, kwa kuwa alijitangulia mwenyewe. Ukimpa kazi, alisema, "Babu, mimi nitaharibu," na kweli akaharibu. Alilima mstari mmoja wa maharage hadi katikati, akaweka jembe chini, akaondoka. Nikayahesabu hayo kuwa ushahidi.

Alipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wake wa sayansi, Mosoti, alikuja kutuamkia. Alikuwa kijana mnyofu kutoka Kisii. Alisema amekuja kuwapongeza wazazi wa Emmaculate.

"Mwalimu, umepotea njia," Japheth akamwambia. "Hapa tuna Apondi tu, na huyo hajawahi kumaliza hata kufagia."

"Mimi sina mwanafunzi wa jina hilo," Mosoti akajibu. "Wangu anaitwa Emmaculate. Maabara nzima sijaona mikono mitulivu kama yake. Hajavunja hata bilauri moja."

Tuliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia mimi, akasema kwa heshima, "Mzee, nivumilie. Akili ya mtu ina chumba cha mbele na chumba cha ndani. Cha mbele hubishana, hukataa, huchagua. Cha ndani hakijui kubishana. Hupokea kila kinachorudiwa, hukiweka, na siku ya shida hukitoa kama amri. Huyu mtoto anaishi kama watu wawili. Shuleni anamtii Emmaculate, hapa anamtii Apondi. Ombi langu ni kwamba mumwite jina moja tu, lile la kwanza."

"Nilishika chaki ya ualimu wewe hujazaliwa," nikamjibu. "Watoto wangu nawajua kwa damu. Hayo ya vyumba wapelekee mafundi wa nyumba."

Alikunywa chai yake, akaaga. Nilijiona nimeshinda.

Emmaculate alifaulu mtihani wa kidato cha nne, akaingia chuo cha uuguzi mjini Homa Bay. Miaka mitatu alikaa kule, na taarifa zote zilizofika zilikuwa njema. Alikuja nyumbani mara chache, na tukimwita Apondi alichelewa kuitika, kama anayesikia mtu mwingine akiitwa. Ulibaki mtihani wa mwisho wa vitendo, wa kumhudumia mgonjwa mbele ya watahini. Akifaulu, ni muuguzi.

Asubuhi ya mtihani nilimpigia simu. Mungu ni shahidi, nilitaka kumtia nguvu kwa njia niliyolelewa nayo mimi.

"Leo usitutie aibu," nikasema. "Kumbuka jina unalobeba. Dada yangu naye aliishia mlangoni namna hii hii."

"Nimesikia, Babu," akasema.

Yaliyofuata niliyapata kwa mwanafunzi mwenzake. Aliitwa kwa majina yake yote mawili. Akanawa mikono, akapanga sinia la dawa bila kosa, akalibeba kwenda kitandani. Hatua tatu kabla ya mgonjwa akasimama. Akaitazama mikono yake. Sinia likaanguka. Mtahini mmoja akamwambia kwa upole, "Panga upya, binti, muda upo." Hakupanga upya. Alivua aproni, akaikunja, akatoka.

Chuo hakikumfukuza. Kilimpa nafasi ya kurudia baada ya wiki sita. Hapo ndipo lingetosha neno moja jema kutoka kinywani mwangu. Alipofika nyumbani tulikuwa mezani. Aliinama kunisalimu, na mimi, mbele ya ndugu zake, nikasema, "Nilisema."

"Ndiyo, Babu," akajibu. "Ulisema."

Siku ya kurudia mtihani aliondoka alfajiri na begi lake. Tulidhani amekwenda Homa Bay. Alikuwa amekwenda Muhuru Bay.

Habari hiyo ilipotufikia, nilimwambia Kezia kwamba hakuna awezaye kushindana na damu. Mke wangu alikuwa akichambua mboga. Akaweka kisu chini.

"Haikuwa damu," akasema. "Ilikuwa siafu."

"Siafu gani?"

"Siku ile mtoto alipolia. Nilipomgeuza nikaona siafu amemng'ata hapa kwenye paja, chini ya nepi. Nikamng'oa. Ndipo aliponyamaza. Na wewe ukawa umefika kwa Apondi."

"Miaka ishirini na miwili, Kezia! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umesimama na fimbo, watu wanapiga vigelegele. Ni nani katika nyumba hii ambaye amewahi kukukatiza?"

Nilikwenda Muhuru Bay mwenyewe. Nilimkuta ufuoni akianua omena zilizotandazwa juu ya nyavu, miguu mitupu, alama ya ule uji ikionekana. Mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya ziwa. Nilimweleza yote, bila kujificha: siafu, fimbo, jina. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, hakuna marehemu aliyedai jina kwako. Hukuwahi kuwa Apondi. Rudi chuoni, nitakusindikiza."

Alicheka kidogo sana.

"Siafu," akasema. "Babu, mmenifundisha somo moja miaka yote hii, asubuhi na jioni. Hilo ndilo nililofuzu."

"Unaweza kulisahau."

"Kichwani nimeshalisahau, Babu. Iambie mikono."

Mwanamke mwenye omena akapaza sauti kutoka kibandani. "We Apondi! Ile nyavu ingine umeachia nani? Mvua hiyo inakuja!"

Aliitika mara moja. Akazitazama nyavu, nusu zimeanuliwa, nusu bado. Kisha akafuta mikono kwa leso, akaondoka akielekea kwenye vibanda, wala hakugeuka. Nilipiga magoti na uzee wangu nikaanza kuzianua zilizobaki. Mvua ikanikuta nikiwa bado kwenye wavu wa pili.

Funzo

Sikuandika haya ili muwadharau marehemu wala desturi ya kuwapa watoto majina yao. Jina la marehemu ni heshima. Kosa letu ni kwamba tulimvika mtoto jina, kisha tukamvika na anguko la mwenye jina, tukalirudia kwa kicheko mpaka likazama mahali ambapo maneno ya kutubu hayafiki. Akili ya ndani haijui mzaha. Haiulizi kama baba alikuwa akitania au babu alikuwa akionya. Humjenga mtu kwa yale anayoyasikia kila siku, nasi huja baadaye tukaliita jengo hilo damu.

Ukiwa mkubwa wa nyumba, ruhusu mtu akukatize. Mtoto akibeba kitu vizuri, nyamaza au msifu. Na mtoto mchanga akilia, kabla hujasimama kuwaita wafu, mfungue nepi umtazame.