Kiti cha Shamma

Haya yalimkuta rafiki yangu Ghanim wa Al Ain. Tangu mkewe Shamma atangulie mbele ya haki, hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti cha abiria cha jipu lake la kifahari. Marehemu alikipanga alivyopenda, gari likakariri mkao huo kwa kitufe chake. Kila asubuhi Ghanim alikibonyeza, kiti kikajisogeza kama vile mwenyewe anapanda.

Jioni moja aliingia gereji ya nyumbani kubadilisha betri. Alikuwa ameshaitoa ya zamani, jirani yake Hareb alipochungulia mlangoni.

"Bwana fundi! Uliunganisha betri ya akiba kwanza?"

"Nimesahau. Kwani vipi?"

"Masikini wee! Gari lako hilo likikosa umeme linasahau yote. Redio, viti, vyote vimekwenda."

Hareb akaenda zake kuswali huku anacheka, asijue amemchoma wapi mwenzake. Giza likaingia. Ghanim hakuwasha taa. Alikaa sakafuni kando ya betri mpya, bado imo kwenye boksi lake, akalia na kumwomba Mola amsamehe uzembe wake.

Ndipo akasikia mota ya kiti. Ilinguruma polepole mle garini, ikasita, ikanguruma tena, kama mtu anayetafuta mkao wake. Ikanyamaza. Kisha mkanda ukavutwa taratibu, ukafungwa: tak.

Mpaka leo haujafunguka.

Basi ndugu yangu, Ghanim akikupa lifti, nakuomba, keti nyuma.