Tuta la Watu Wawili

Kila siku kengele ya shule ilipolia saa kumi, watoto wa kilabu cha bustani walibeba madebe yao wakashuka mtaani Bondeni, hadi kwenye mashamba madogo kando ya reli. Mwaka huo wa 1956, Mwalimu Hezekiah aliwagawia watoto wawili wawili tuta moja moja.

"Mtoto wa mjini naye ana mikono," alipenda kusema. "Ajue kujilisha."

Wachuka alipewa tuta pamoja na Kipkemboi, mwana wa mfanyakazi wa reli. Walipanda miche kumi ya kabichi, wakainywesha maji na kuifuta vumbi jeupe lililopeperushwa na upepo kutoka ziwa la magadi lililokuwa karibu. Lakini miche ya majirani iliwashinda kimo, na Wachuka hakuwa mtu wa kushindwa. Mwalimu alikuwa amewaonya: samadi ya kuku ikae kwenye lundo miezi mitatu kwanza. Miezi mitatu! Nani angengoja? Jumanne, kabla ya shule, Wachuka alifagia banda la kuku la nyanya yake, akajaza karai, akaenda akaifukia samadi yote mbichi penye mashina ya miche. Hakumwambia mtu.

Ijumaa majani yalikuwa ya manjano, kingo zimekauka kama zilizopitiwa na moto. Mwalimu akainama, akainua debe la Kipkemboi, akalinusa.

"Sabuni! Umenyunyizia maji ya kufulia?"

"Mama alifulia nguo humo, Mwalimu, lakini mimi nililisuuza. Mara mbili, haki ya Mungu!"

"Nimewakataza mara ngapi madebe ya kufulia? Jumatatu usije. Nafasi yako nitampa mwingine."

Kipkemboi alimtazama Wachuka, labda atamtetea. Wachuka akatazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

Alipofika nyumbani, alimkuta nyanya yake, Cucu Wamaitha, akitoa minji kwenye maganda.

"Ni wewe uliyenifagilia banda la kuku? Mungu akubariki, mjukuu wangu."

Wachuka akaketi kando yake, akachukua ganda, asithubutu kumtazama.

"Haya, kitendawili!" Cucu akasema.

"Tega," akajibu kwa sauti ndogo.

"Nina chakula changu: kikiwa kibichi humla anayekila, kikishaoza humnenepesha."

Wachuka alifikiri, akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Subukia."

"Subukia nikaenda, wakanichinjia mbuzi, nikala nikashiba, nikarudi. Jibu ni samadi!"

Hapo machozi yakamtoka Wachuka, akasema yote. Cucu hakumgombeza.

"Mimi sina tuta," alisema tu. "Aliyenyang'anywa tuta ni nani?"

Jumamosi asubuhi Wachuka alipita kwanza kwa kina Kipkemboi, akamweleza ukweli, kisha wakaenda wote wawili kwa Mwalimu. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalipokwisha alijisikia mwepesi, kama aliyetua debe la maji kichwani. Mwalimu akaenda nao bustanini, akachimba kwa kidole, akanusa, akatikisa kichwa.

"Nilihukumu kwa pua, na pua yenyewe ikanusa debe badala ya udongo. Kipkemboi, nisamehe. Tuta ni lako."

Waliondoa samadi yote, wakamwagilia maji mengi. Miche mitatu ilikufa. Saba ikatoa majani mapya wiki ya pili, mabichi kabisa, na Wachuka akapumua.

"Kuku wa Cucu wako sasa watakuwa wanakukimbia!" Kipkemboi alimcheka. "Na debe utabeba wewe mpaka kabichi zifunge vichwa."

"Nitabeba."

"Kosa la samadi ni la kila mkulima," Mwalimu alisema. "Hata mimi niliunguza mahindi ya baba yangu vivyo hivyo. Lakini shikeni hili, wanangu: samadi ikikaa huiva, uongo ukikaa huvunda. Msiulaze hata siku moja."

Wachuka akaitikia kwa kichwa, akajitwisha debe, akaelekea bombani.