Nipo Hapa, Baba

Kugonga kulianza mchana, gari limezimwa, funguo ziko mezani na uani hakuna mtu. Ko, ko. Mwenye nyumba, ambaye majirani walimwita Mjuaji naye akadhani wanamsifu, alitoa kichwa dirishani, akasikiliza, akakata shauri: "Bati linapoa hilo."

Gari lenyewe lilikuwa limechoka tangu kabla ya harusi yake. Mafundi walikwisha kulikatia tamaa, lakini yeye hakukubali. Alibadilisha plagi mwenyewe, akaziba rejeta kwa gundi, na mfuniko wa buti ulipoliwa na kutu akaenda kutafuta mwingine kwa muuza spea za mtumba.

"Huo acha, mzee wangu," muuzaji alimwambia. "Kila anayeuchukua anaurudisha."

Ila rangi ilifanana na ya gari lake, na mtu wa namna ile ukimkataza ndiyo umemtuma. Akaufunga jioni ile, na kesho yake mchana ndipo kugonga kukaanza.

Msaidizi wake alikuwa binti yake wa pekee, mwembamba, mcheshi, aliyeitwa Spana kwa sababu hakuwahi kukosea kumpa baba yake spana aliyoitaka. Walikuwa na desturi yao. Mjuaji akiwa chini ya gari, injini inanguruma, sauti haisikiki. Basi aligonga chasisi mara mbili, naye Spana alijibu mara tatu: nipo hapa, baba. Asipojibiwa, hakuthubutu kusogeza hata kidole. Alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Nasema hili mapema, maana mbele ya safari hutaamini.

Kugonga kulipozidi barabarani, Mjuaji alitaka mtu akae ndani ya buti asikilize sauti inatokea upande gani. Mafundi hufanya hivyo.

"Mtoto si chombo cha kupimia, Baba Spana," mkewe alisema.

Lakini Spana alishajikunja humo ndani, anacheka. Baba akafunga.

Alizunguka mtaa polepole. Kugonga kulikuja kulia, kukaja kushoto, kukaja pande zote kwa pamoja, kisha kukawa kimya. Aliporudi na kufungua, mtoto alitoka taratibu, akajipangusa vumbi, akatabasamu.

"Nimeipata, baba. Haitasumbua tena."

Alinuka petroli iliyolala. Mama yake alimsugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, na harufu haikutoka.

Tangu siku hiyo Spana hakushika spana. Alikaa mezani tu, akala chakula chake, cha mama yake na kilichobaki sufuriani, asinenepe. Na uani buti likawa linagonga mara tatu.

Mama ndiye aliyehesabu. Alikuwa anaanika nguo. Ikamjia tu, akagonga mfuniko mara mbili. Ndani ikajibu haraka haraka: ko, ko, ko. Nguo zikamdondoka. Akafungua. Mlikuwa na jeki na tairi la akiba, basi, ila zulia lilikuwa na joto kama kitanda kilichoachwa sasa hivi.

"Mume wangu," alinong'ona jikoni, "Spana yumo ndani ya gari."

"Spana si huyo mezani?"

"Aliyeko mezani mimi simjui."

Kutoka mezani sauti ikaja, tulivu: "Ni bushi hiyo, baba, raba yake imelika. Jaza sponji, itanyamaza."

Mjuaji alichana godoro kuukuu, akashindilia sponji ndani ya buti mpaka pembeni. Kugonga kukafifia, kukawa kwa mbali, kwa mtu aliyechoka. "Umeona?" akamwambia mkewe, akampigapiga begani kwa furaha.

Mama hakusubiri ruhusa. Akamleta mganga, bibi mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Bibi alinusa tundu la ufunguo, akaweka sikio, akafuta machozi.

"Mwanao yumo, na bado yu hai," alisema kwa sauti ya chini. "Aliye mezani ndiye mwenye buti. Twende tukachimbe dawa, mikono ya mama ndiyo inayotakiwa. Gari lisitoke hapa uani mpaka turudi. Likitoka, usiniite tena."

"Nakuomba, Baba Spana," mama alimsihi, "usiliguse. Ukinipenda, usiliguse."

Walipoondoka, vichwa vya majirani vilikuwa vimejaa juu ya ukuta. Gari la Mjuaji linatibiwa na mganga! Mtu mmoja akacheka. Mjuaji angevumilia njaa, angevumilia ugonjwa, lakini kicheko hapana.

"Lipeleke kwa wale wa chuma chakavu, baba," aliye mezani akasema, anatafuna. "Kelele ziishe."

Kwenye mashine ya kubana vyuma, kijana wa zamu alisita. "Mzee, humu kuna kitu kinagonga." Mjuaji akafungua buti mwenyewe, akang'oa sponji yote, akamwonyesha: patupu. Akafunga. "Bonyeza." Na sahani ya chuma ilipoanza kushuka, kugonga kukarudi, tatu, na tatu, na tatu tena, kwa ngumi sasa, kwa visigino, kwa haraka ya mtu anayemwita anayemjua, anayeamini kwamba aliyeko nje hawezi kamwe kusogeza kitu kabla ya kusikia jibu lake, na jibu ndilo hilo analitoa, analitoa, analitoa, huku paa likikunjika na vioo vikimwagika na Mjuaji akisimama mikono kiunoni, akitikisa kichwa, akisema bushi za siku hizi hazidumu. Kisha pakawa kimya.

Alirudi nyumbani moyo mweupe. Akakaa mezani mkabala na binti yake, na kwa mazoea tu, kama alivyozoea kumaliza kazi, akagonga meza mara mbili.

Mtoto akaendelea kula.

Akagonga tena, mara mbili. Mtoto akainua macho, akamtazama kama asiyejua anaulizwa nini. Kidole cha Mjuaji kikabaki hewani. Hapo ndipo alipoelewa zile tatu, zote alizozisikia, za uani, za chini ya sponji, za kule kwenye mashine.

Geti likalia. "Baba Spana!" mkewe aliita kwa pumzi iliyokatika, dawa mkononi. "Gari liko wapi?"

Aliye mezani akaramba vidole.

"Tununue lingine, baba," alinong'ona. "Lenye buti kubwa. Mama ni mnene."