Ipe Mgongo Skrini

"Shangazi anapanda ngazi. Amebeba mtoto."

Sauti ya redio ndogo ilimwingia Sindano sikioni wakati mbaya kuliko nyakati zote. Alikuwa amesimama mbele ya darasa, na Balozi alikuwa amemkazia macho kama daktari anayetafuta jino bovu.

"Nakuuliza wewe," Balozi alisema. "Mimi ni mwandishi wa habari kutoka nje. Nchi yenu ilifunga daraja la mpakani, ndugu wakatenganishwa na ndugu. Mnaficha nini?"

Sindano akatabasamu. "Nchi yetu ni ya amani, yenye watu wakarimu na mandhari ya kuvutia..."

"Kaa chini!"

Darasa likaangua kicheko.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Balozi akasema. "Na wewe unatembeza, bwana. Ukiulizwa kosa, kiri kwanza. Halafu nyamaza, mwenzako apumue. Sawa?"

"Sawa, mama."

Akakaa. Balozi, mama wa watu, aliyestaafu baada ya kuiwakilisha nchi katika nusu ya dunia, hakujua kwamba mwanafunzi wake mzito kuliko wote alikuwa na bastola ya Glock 19 kwapani.

Darasa hilo lilikuwa la maafisa habari wanaopelekwa balozini. Walikuwa wanafundishwa diplomasia ya umma, yaani jinsi ya kuieleza nchi yao kwa watu wa nchi nyingine hadi wakaipenda. Sindano alikuwa mle kwa kazi ya Idara ya Usalama. Waliomjua walimwita Sindano kwa sababu alipenya pasipopenyeka.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi akaingia.

Katika lugha ya Idara, shangazi ni mshukiwa na mtoto ni flashi. Lakini darasani dada huyu aliitwa Tabasamu, kwa sababu Balozi alimgombeza kila siku kwamba hatabasamu mbele ya kamera. Ndiye aliyehariri filamu ya kufungia mafunzo. Na ndiye aliyekaa dawati moja na Sindano.

"Kaka, umezomewa tena?" alinong'ona akikaa.

"Nimezoea."

"Pole. Chakula chako nakutilia kwenye begi lako, usije ukasema nimekusahau."

Kila mchana aligawa chakula chake mara mbili, nusu yake na nusu ya kaka. Siku moja alilia juu ya dawati hilo hilo akisimulia habari za mama yake, aliyekwama ng'ambo ya mto tangu daraja lifungwe, na sasa macho yake yanaingia giza. Sindano alimshika mkono. Kalamu iliyokuwa mfukoni mwake ilinasa kila neno.

Alijiona mtu mbaya. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Kesho daraja lilikuwa lifunguliwe. Leo, kwenye ukumbi wa chini, filamu ingeonyeshwa mbele ya mabalozi wote, ikirushwa moja kwa moja na televisheni. Idara ilikuwa imenasa mawasiliano: mtu angeingiza filamu bandia kupitia flashi ya mhariri. Humo Waziri, kwa uso na sauti vilivyotengenezwa na kompyuta, anawaita watu wa ng'ambo nzi. Balozi wa nchi jirani angekuwa kiti cha mbele. Angesikia hayo, na daraja lisingefunguliwa. Bunduki zilizonyamaza zingeanza tena kukohoa.

"Haya, tushuke," Balozi alisema. "Na mkumbuke utaratibu wangu. Filamu ikianza, ipeni mgongo skrini. Filamu mmeshaiona. Wasomeni watu."

Ilikuwa desturi yake tangu siku ya kwanza. Wageni wa nje waliicheka. Aliyeicheka zaidi ni Mshauri, mgeni mchangamfu wa kampuni ya kigeni iliyofadhili mafunzo, aliyemjua kila mtu hadi wafagizi.

Kwenye ngazi, Sindano alibaki nyuma.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya chini. Mjomba ndiye mkuu wake wa Idara, aliyekuwa upande wa pili wa redio. "Nina wasiwasi. Nadhani sio yeye."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Basi una huruma. Badilisha mtoto. Filamu ikianza, vijana watamchukua. Wageni wakitazama skrini, hakuna atakayeona."

"Mjomba..."

"Mama yake yuko ng'ambo, bwana mdogo. Umetuletea mwenyewe habari hiyo."

Loh! Ile kalamu.

Ukumbini kulikuwa na harufu ya maua na zulia jipya. Sindano alikuwa anawaza namna ya kuupata mkoba wa Tabasamu, atamzubaisha vipi, atamwaga kahawa wapi. Hakuhitaji.

"Kaka, nishikie mkoba nikajitazame kwenye kioo. Balozi ataninyonga nikipanda pale hivi."

Akampa. Hivyo tu, kama mtu anayempa ndugu yake mtoto ambebe.

Sindano aliingia msalani. Flashi ilikuwa na uzi mwekundu ambao Tabasamu aliufunga ili isipotee. Aliichomeka kwenye simu yake ya Idara.

"Binamu, soma."

Binamu ndiye fundi wao, aliyejifungia ndani ya Toyota Hiace nje ya uzio.

"Chafu," akasema. "Waziri yumo, nzi wamo. Pole, Sindano."

Kumbe! Akauhamisha uzi mwekundu kwenye flashi safi ya Idara, yenye filamu halisi, akaitumbukiza mkobani. Alifanya yote hayo kwa wepesi wa fundi. Hilo ndilo lililomchukiza.

Tabasamu alirudi akiwa amejipaka poda. "Asante, kaka. Ningekuwa sina wewe humu ningefanya nini?"

Taa zikapunguzwa.

Filamu ikaanza.

Wanafunzi wote, kama jeshi, wakaipa mgongo skrini. Sindano naye akageuka, akasimama kando ya nguzo. Alifanya hivyo kwa mazoea tu. Mbele yake nyuso zilijaa mwanga wa bluu. Kwenye filamu, kinyozi wa ng'ambo na mteja wa ng'ambo hii walianza kutaniana kwa kupigiana kelele juu ya mto, na ukumbi mzima ukacheka. Balozi wa nchi jirani alicheka mpaka akavua miwani.

Sindano akamtafuta Tabasamu. Alikuwa kando ya projekta, naye ameipa mgongo skrini. Hakuwa akimtazama balozi. Hakuwa akiutazama mlango.

Alikuwa anamtazama yeye, Sindano. Alinyanyua nyusi kumuuliza: imependeza?

Mtu aliyetega bomu haulizi kama limependeza.

Akazikagua nyuso upya, safu kwa safu. Zote ziliangalia juu.

Isipokuwa moja.

Mshauri hakutazama skrini hata kidogo. Alikuwa ameikodolea macho shingo ya balozi wa nchi jirani, akiisubiri ikakamae. Kinyozi akafanya mzaha mwingine. Shingo ikatikisika kwa kicheko. Na uso wa Mshauri, taratibu, ukapauka.

"Mjomba, sio shangazi! Ni Mshauri!"

"Ushahidi?"

"Anaangalia shingo ya balozi!"

"Nini?"

Mshauri aliinuka. Aliomba radhi kwa jirani zake kwa adabu zote, akaelekea mlango wa nyuma. Mkononi alikuwa na laptopu.

Gari la matangazo la televisheni! Lilikuwa uani, na mafundi wake wote walikuwa wamejazana mlangoni wakitazama kinyozi. Alichokikosa ndani, angekirusha kutoka nje.

Wakati huo huo vijana wawili wenye suti walimshika Tabasamu mikono, huku na huku.

"Kaka!" Hakupiga kelele. Alisema polepole, asiwasumbue wageni. "Kaka, waambie."

Sindano alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Neno moja lingetosha. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa unajifunga.

Akampita.

Alikimbia ujia wa jikoni, akaruka kreti za soda, akamkwepa mpishi aliyebeba sinia, "Alaa! Macho huna?" Akausukuma mlango wa chuma. Jua likampiga usoni.

Mshauri alikuwa tayari ndani ya gari la matangazo, waya mkononi.

"Simama!"

Bastola ya Beretta yenye kiziba sauti ikajibu. *Fup.* Kioo cha gari kikamwagika. Sindano alijitupa chini, akabingiria, akaibuka upande wa pili wa gurudumu. Risasi ya pili ilikula lami karibu na kiwiko chake.

Hakufyatua. Mle mlikuwa na mitambo ya matangazo ya moja kwa moja, na kinyozi alikuwa bado anachekesha dunia.

Akavua kiatu, akakirusha mbele ya mlango. Mshauri akakipiga risasi kiatu. Kabla hajagundua alichokiua, Sindano alikuwa ameshaingia kwa mlango wa dereva. Kiwiko kooni. Goti mkononi. Bastola ikaanguka. Waya ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika kwenye tundu lake.

Akauvuta. Akamfunga nao mikono.

"Umejuaje?" Mshauri alihema.

"Filamu ilikuwa nzuri. Wewe hukuitazama."

Mshauri akacheka, damu kwenye meno. "Asubuhi nilimwambia yule dada anipe flashi nimrekebishie rangi. Alinipa mkoba wote. Wote! Na baadaye nikakuona wewe umeubeba unaenda msalani. Nilidhani unamtafutia leso." Akatema mate. "Mkoba mmoja, rafiki yangu. Mimi na wewe tuliufungua kwa njia ile ile."

Sindano angeweza kumpiga. Hakumpiga, kwa sababu jamaa hakuwa amesema uongo.

"Mjomba," alisema. "Mgeni tunaye, na amekiri. Mwachieni dada."

"Kazi safi. Daraja linafunguliwa kesho."

"Nimesema mwachieni."

Walikuwa wamemweka kwenye chumba cha kuhifadhia viti. Alikuwa amekaa peke yake katikati ya viti vilivyopangwa hadi darini, akijisugua mikono. Balozi alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Sindano kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu usio na kiatu, na hakuuliza kitu. Wazee wa kazi hawaulizi.

Tabasamu aliinua macho. "Kwa hiyo ulikuwa unanichunguza."

Sindano alikuwa na maneno mengi: nchi, daraja, amri. Maneno mazuri yenye mandhari ya kuvutia.

"Ndiyo," alisema.

Akanyamaza.

"Na mkoba wangu?"

"Ndiyo."

"Siku niliyokusimulia habari za mama. Ulikuwa unanirekodi?"

"Ndiyo. Na habari hizo ndizo walizozitumia kukushuku."

Tabasamu alipumua, mara moja, kwa kina. "Siku ile ulinishika mkono. Ule mkono ulikuwa wako au wa kazini?"

Alitaka kusema wangu. Ilikuwa kweli, au alitamani iwe kweli, na hakuwa na njia ya kuithibitisha hata kwa nafsi yake.

Tabasamu alisubiri, kisha akatikisa kichwa. Akasimama, akakigeuza kiti chake, akakaa akiwa amempa mgongo.

"Filamu yako nimeshaiona, kaka."

Ukumbini walikuwa wanapiga makofi. Sindano aliazima viatu vya dereva wa Idara, akavaa miwani ya jua, akapita katikati ya wageni bila haraka. Balozi wa nchi jirani alimpa mkono, akampongeza kama alivyompongeza kila mtu. Aliyemwona angesema huyu hana shida duniani.

Kwenye gari alifungua begi ili aweke bastola. Kopo la plastiki lilikuwa juu kabisa, limefunikwa vizuri, na kijiko chake.

Alikula chote. Kilikuwa kimepoa, na kila tonge lilipita kwa taabu, lakini kukitupa kungekuwa kosa jingine juu ya makosa. Kisha akashuka, akaliosha kopo kwenye bomba la uani, akalipangusa kwa tai yake, akalipeleka kwa mlinzi wa geti.

"Mpe dada aliyehariri filamu."

"Nimwambie limeletwa na nani?"

Sindano akafungua mdomo. Jina ambalo dada huyo alimjua nalo, lile lililoandikwa kwenye kitambulisho kifuani pake, lilikuwa la uongo. Lake la kweli hakuwahi kumpa.

"Atajua," alisema, akaondoka taratibu, mikono mfukoni.